Kabla ya Mashine, Saga: Namna ya Kuchagua Chombo cha Kahawa cha Nyumbani

Anayeingia duka la vyombo vya nyumbani Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa akitafuta chombo cha kutengenezea kahawa hukuta vitu ambavyo havifanani hata kidogo. Kuna birika la kioo lenye kichujio cha kusukuma kwa mkono, ambalo wauzaji huliita frenchi presi. Kuna moka ya alumini ya kuweka jikoni, mashine ya umeme inayodondosha maji moto kwenye filta, mashine ya espreso yenye bomba la mvuke la kupigia maziwa, na mashine ya kapsuli ambayo kazi yake yote ni kubonyeza kitufe. Bei ya vile vya juu inaweza kuzidi ya vile vya chini mara kumi na zaidi. Mnunuzi ana haki ya kuuliza kama tofauti hiyo itaonekana kikombeni. Hoja ya makala hii ni kwamba kwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki haitaonekana, kwa kuwa ladha ya kahawa huamuliwa zaidi na buni na namna ilivyosagwa kuliko mashine iliyoipikia. Mwenye bajeti ndogo au ya kati atapata kahawa nzuri zaidi akiweka sehemu kubwa ya pesa yake kwenye grainda ya kusagia na kwenye kahawa iliyokaangwa karibuni, kisha anunue chombo rahisi. Hesabu hiyo hugeuka kwa mtu mmoja tu, yule anayetaka espreso ya kweli, na naye ana sura yake hapa.

Tuanze na kazi ya chombo chenyewe. Kila chombo cha kahawa, kuanzia sufuria hadi mashine ya hotelini, hufanya baadhi ya kazi nne: kupasha maji, kuyakutanisha na unga wa kahawa kwa muda fulani, kuyasukuma kwa presha, na kutenganisha kinywaji na machicha. Kazi ya kwanza jiko lolote linaiweza. Ya pili inahitaji bakuli na saa. Ya nne inahitaji wavu, karatasi, kitambaa, au subira ya kuacha machicha yatulie chini. Ni ya tatu peke yake, presha, ambayo mkono na jiko haviwezi kuifanya ipasavyo bila kifaa maalumu. Ukiangalia bei za madukani kwa jicho hilo utaona kwamba unapopanda ngazi ya bei unalipia mambo mawili, yaani presha, na mashine kukufanyia zile kazi tatu ambazo ungeweza kuzifanya mwenyewe. Swali la kwanza basi ni kama kahawa unayoipenda inahitaji presha. Ikiwa haihitaji, unachonunua ni wepesi wa kazi, na wepesi una bei yake halali, lakini usidhani kwamba umenunua ladha.

Ladha inatoka wapi? Katika miaka ya 1950 mwanasayansi wa Marekani, Ernest Lockhart, alipima uhusiano kati ya kiasi cha kahawa kinachoyeyuka majini na jinsi wanywaji wanavyoipokea. Kazi yake iliacha kipimo kinachotumika mpaka leo: kahawa hupendeza maji yanapokamua kati ya asilimia 18 na 22 ya uzito wa unga. Chini ya hapo kinywaji huwa na ukali wa chachu na chumvichumvi, na juu ya hapo uchungu mkavu hushika ulimi. Unga wa kahawa una vitu vingi zaidi ya hivyo vinavyoweza kuyeyuka, karibu asilimia 30 ya uzito wake, kwa hiyo ufundi wote ni kujua mahali pa kuishia. Yanayoamua mahali hapo ni ukubwa wa chembe za unga, muda wa maji kukaa nazo, joto, na uwiano wa kahawa na maji. Uwiano wa kawaida kwa kahawa ya kuchuja ni gramu 55 hadi 60 kwa lita moja ya maji, na mizani ndogo ya jikoni inatosha kuupima. Muda unapimwa na simu iliyo mfukoni. Linalobaki gumu ni ukubwa wa chembe, na hapo ndipo pesa inapopaswa kwenda.

Ugumu wake ni huu. Maji hukamua chembe kuanzia nje kwenda ndani. Chembe ndogo hukamuliwa yote kwa sekunde chache, na kubwa huchukua dakika. Unga wenye vumbi na vipande vikubwa kwa pamoja hutoa kahawa mbili ndani ya kikombe kimoja, moja iliyokamuliwa kupita kiasi na nyingine isiyofika, na hakuna mashine inayoweza kurekebisha jambo hilo baadaye. Grainda ya visu, ile ndogo ya umeme inayofanana na blenda na ambayo wengi huitumia pia kusagia viungo, hutoa unga wa namna hiyo, kwa sababu visu vinakatakata punje ovyo na punje moja inaweza kupigwa mara ishirini huku jirani yake ikipigwa mara mbili. Grainda ya meno hufanya kazi kwa njia nyingine. Punje hupita katikati ya meno mawili ya chuma au ya kauri yenye nafasi iliyopimwa, na haziwezi kutoka mpaka zimefikia ukubwa wa nafasi hiyo. Ya mkono, yenye mpini wa kuzungusha, husaga gramu 20 kwa takriban dakika moja au mbili, haihitaji umeme, na mwenye uangalifu anaweza kukaa nayo miaka mingi. Ukigeuza skrubu yake kidogo unga unakuwa mkubwa au mdogo, na kwa kugeuza huko pekee unaweza kuhama kutoka kahawa chachu hadi kahawa chungu, chombo kikiwa kilekile na buni ileile.

Kuna sababu ya pili ya kuitanguliza grainda. Kahawa ikishasagwa, sehemu iliyo wazi kwa hewa huongezeka mara nyingi sana. Harufu, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha, huanza kutoroka ndani ya dakika, na mafuta huanza kuchacha baada ya siku chache. Katika unyevu wa Tanga, Unguja au Lamu jambo hili huenda haraka zaidi. Punje nzima iliyofungwa vizuri hukaa wiki kadhaa baada ya kukaangwa ikiwa bado na uhai wake. Ndiyo maana tarehe ya kukaangwa iliyoandikwa kwenye pakiti ina maana zaidi kwa mnunuzi kuliko herufi za daraja. AA ya Kenya au Tanzania inaeleza ukubwa wa punje, haisemi zilikaangwa lini, wala haihakikishi ladha.

Hapa pingamizi la kwanza linasimama. Si kila mji una duka la punje nzima, na grainda nzuri ya meno inaweza kugharimu kuliko frenchi presi yenyewe, basi mwenye kipato cha kawaida afanye nini? Pingamizi hili lina uzito, lakini haliipeleki hoja kwenye mashine. Asiyeweza kununua grainda leo anaweza kuomba dukani asagiwe kwa kiwango cha chombo chake, na anunue gramu 100 au 200 kwa wakati badala ya kilo nzima. Asiyekuwa karibu na duka la namna hiyo ana kinu na mchi. Nyumba za pwani zimekaanga buni kwenye chungu au kikaango na kuitwanga kwa vizazi vingi, na unga wa kutwanga, ingawa haulingani sana, ukitoka kinuni asubuhi hiyohiyo una harufu ambayo unga wa pakiti iliyofunguliwa mwezi uliopita hauwezi kuifikia. Aliyenunua mashine ya bei kubwa kisha akaitilia unga wa zamani ametumia pesa nyingi kupasha moto kitu kilichokwisha kufa.

Wauzaji wa mashine hujibu kwamba mashine hushika joto sawasawa, na kwamba joto ndiyo siri. Ni kweli kwamba mwongozo unaokubalika wa kahawa ya kuchuja unataka maji ya nyuzi 90 hadi 96 za Selsiasi. Lakini jiografia yetu imeshafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 kule Dar es Salaam na Mombasa. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu nyuzi 95, na Nairobi na Mbeya, karibu na mita 1,700 na zaidi, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mkazi wa Nairobi anaweza kumimina maji yakichemka bila kusubiri, na mkazi wa Dar es Salaam anahitaji kufunua birika na kungoja nusu dakika au zaidi kidogo. Tena, mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walilinganisha kahawa za kuchuja zilizopikwa kwa nyuzi 87, 90 na 93 huku nguvu na kiasi cha ukamuaji vikiwa sawa, na waonjaji waliofunzwa waliona tofauti ndogo sana. Matokeo hayo hayasemi kwamba joto halina maana, kwa kuwa maji ya vuguvugu hukamua polepole. Yanasema kwamba nyuzi mbili tatu hazistahili kulipiwa bei ya mashine.

Ushahidi mwingine haukutoka maabara. Utamaduni mpana zaidi wa kahawa tulionao pwani, wa barazani Unguja, Mombasa na Lamu, haukuwahi kuhitaji mashine. Muuza kahawa hubeba dele lake, yaani birika la kahawa, juu ya jiko dogo la makaa, akigonga vikombe ili wateja wamsikie, na humimina kahawa chungu iliyochemshwa, mara nyingi kwa tangawizi au iliki, inywewe kwa kashata au halua. Dele lenyewe limeundwa kwa akili: tako ni pana, shingo ni nyembamba, na mdomo mrefu umeanzia juu, kwa hiyo machicha hutulia chini na kinywaji humiminika safi bila chujio. Makaa kidogo yanatosha kuiweka moto. Kwa nyumba ya watu wengi inayopenda kahawa kali na nyeusi, kwa vikombe vidogo, dele au birika la namna hiyo bado ni chaguo la kwanza, na hakuna sababu ya kuliona kuwa la zamani. Kikwazo chake ni kuchemka. Kahawa iliyoachwa ikitokota hukamuliwa kupita kipimo, na tangawizi na sukari ya kashata ndivyo vinavyobeba uchungu huo. Anayetaka kuonja tofauti kati ya buni ya Mbinga na ya Kilimanjaro hataisikia humo vizuri, na anahitaji njia nyingine.

Njia nyepesi ya kufika hapo ni frenchi presi. Muundo wake wa awali ulisajiliwa Ufaransa mwaka 1852, na umbo lililokaribia tunalolijua likasajiliwa Milano mwaka 1929. Ukiwa na ya nusu lita, tia gramu 30 za unga uliosagwa mkubwa kama chumvi ya mawe, mimina maji moto nusu lita, na usiguse kwa dakika nne. Utaona tabaka nene la unga likielea juu kwa sababu ya gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye kahawa mpya, na tabaka hilo likiwa jembamba au halipo kabisa, ujue kahawa yako ni ya zamani. Livunje kwa kijiko, engua povu, ngoja dakika chache unga uzame, kisha shusha kichujio polepole mpaka kiguse tu uso wa unga, na umimine yote. Ukiibakiza birikani inaendelea kujikamua na kikombe cha pili kitakuwa kichungu. Chombo hiki hakina waya, hakina ukoko wa mabomba, na kinavumilia makosa ya mkono. Udhaifu wake ni kioo, kinachovunjika kwenye masinki yetu ya saruji au chuma, na tope dogo linalobaki chini ya kikombe. Aliye na watoto wengi au msaidizi mwenye haraka anunue ya chuma, ambayo pia hutunza joto.

Moka, aliyoitoa Alfonso Bialetti kule Italia mwaka 1933, ni chaguo la anayetaka kahawa nzito ya kuchanganya na maziwa bila kununua mashine. Mvuke wa chini husukuma maji kupita kwenye unga hadi chumba cha juu, kwa presha ya baa moja au mbili hivi. Hiyo haifanyi espreso, ingawa maboksi mengi huandika hivyo, lakini inatoa kinywaji kikali ambacho maziwa hayakizamishi. Jikoni kwetu ina masharti yake. Moka ndogo haikai vizuri juu ya jiko la gesi lenye miguu mipana, hivyo inahitaji wavu wa kuikalisha. Juu ya mkaa joto ni gumu kulishusha, na mpini wa plastiki huyeyuka. Iliyotengenezwa kwa alumini haifanyi kazi kwenye jiko la indaksheni. Iweke kwenye moto mdogo, unga usishindiliwe, na iondolewe mara inapoanza kukoroma. Wengi wanaosema moka ina uchungu wameiacha ikikoroma mpaka mwisho. Ijulikane pia kwamba kikombe kinachohesabiwa kwenye boksi lake ni kidogo kama cha espreso. Moka ya vikombe vitatu hujaza kikombe kimoja cha chai kisichofika juu, na haipikiki vizuri ikijazwa nusu. Mashine za kudondosha nazo huhesabu kikombe kwa mililita 125 hadi 150. Pima kwa mililita, usipime kwa vikombe vya boksi.

Filta ya karatasi, aliyoisajili Melitta Bentz wa Dresden mwaka 1908, hutoa kahawa safi kuliko zote, na inabeba hoja moja ya afya ambayo haipaswi kupuuzwa. Kahawa ina mafuta, hasa kafestoli na kahweoli, yanayopandisha kolesteroli ya damu. Karatasi huyazuia karibu yote. Kahawa ya kuchemsha na ya frenchi presi huyapitisha. Utafiti wa Norwei uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia watu zaidi ya 500,000 kwa wastani wa miaka 20, uliwaona wanywaji wa kahawa iliyochujwa kwa karatasi wakiwa na vifo vichache kuliko wa kahawa ya kuchemsha. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha mwelekeo bila kuthibitisha chanzo, lakini athari ya mafuta hayo kwenye kolesteroli ilikwisha kuonyeshwa katika majaribio. Basi mwenye kolesteroli ya juu, au anayekunywa vikombe vingi kila siku, achague karatasi. Faneli ya plastiki au kauri na pakiti ya filta vinamtosha, kwa sehemu ndogo ya bei ya mashine, mradi ahakikishe kwanza kwamba filta za saizi yake zinapatikana mjini kwake mwaka mzima.

Mashine ya umeme ya kudondosha hufanya kazi ya faneli hiyohiyo, na faida yake ni kwa nyumba au ofisi inayopika lita nzima kwa mara moja. Wanaoikataa kwa kuogopa kumaliza LUKU, umeme wa kulipia kabla, wanakosea hesabu: kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 95 hutumia karibu moja ya kumi ya yuniti. Sababu nzito zaidi ni mbili. Umeme ukikatika asubuhi mashine imelala, na aliye na gesi na faneli anaendelea. Ya pili ni bamba la moto lililo chini ya jagi. Kahawa ikikaa juu yake nusu saa inapikwa upya, harufu inapotea na uchungu unaingia. Ukilazimika kununua mashine hii, chagua yenye jagi la chuma linalotunza joto lenyewe kama chupa ya chai, lisilo na bamba. Jambo hilo moja lina faida kuliko saa, taa na vitufe vyote vilivyoandikwa kwenye boksi.

Sasa espreso. Hapa presha ni lazima: maji ya zaidi ya nyuzi 90 husukumwa kwa baa 9 hivi, karibu mara tisa ya mgandamizo wa hewa inayotuzunguka, kupita kwenye gramu 18 hivi za unga laini kwa sekunde 25 hadi 30. Mashine nyingi za nyumbani hutangaza baa 15 au 20. Namba hiyo ni uwezo wa juu wa pampu, haina uhusiano na ubora wa kikombe, na mnunuzi asiitumie kulinganisha chochote. Nyingi kati ya zile za bei ya chini hutumia kichujio chenye tundu moja dogo chini yake, kinacholazimisha presha hata unga ukiwa haufai, na kutoa povu zuri la kahawia ambalo halina utamu ndani yake. Espreso ndiyo njia inayodai usagaji makini kuliko zote, kwa kuwa badiliko dogo la chembe hugeuza sekunde 25 kuwa 12 au 50. Mwaka 2020 kundi la watafiti akiwemo mkemia Christopher Hendon lilionyesha kwamba kusaga laini kupita kiasi hufanya maji yapite kwenye njia chache na kuacha sehemu ya unga bila kukamuliwa, kiasi kwamba kikombe cha leo hakifanani na cha jana. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba mwenye mashine ya espreso anahitaji grainda bora kuliko mwenye frenchi presi. Asiyeweza kununua vyote viwili bado hajawa tayari kwa espreso ya nyumbani. Anayeipenda kweli, mwenye bajeti na muda wa kujifunza, anunue, na hatakuwa amepoteza.

Kapsuli ziliingia sokoni kwa jina la Nespresso mwaka 1986 ili kuondoa ugumu huo wote, na zimefaulu katika hilo. Kila kikombe kinafanana, na hakuna cha kufuta isipokuwa trei. Lakini kila kapsuli ina gramu 5 au 6 tu. Pakiti ya gramu 250 ina kahawa ya kapsuli 45 hivi, kwa hiyo chukua bei ya kapsuli moja dukani kwako, zidisha kwa 45, kisha ulinganishe na pakiti. Vikombe viwili kwa siku ni kapsuli 730 kwa mwaka, vipande 730 vya alumini au plastiki katika miji ambayo haina mfumo wa kuvikusanya. Kuna gharama nyingine ambayo haionekani kwenye risiti. Mashine hiyo hukufunga kwa kahawa iliyokaangwa na kufungwa mbali, ukiwa unaishi katika nchi inayoilima. Kahawa ya Kirinyaga, Mbozi au mlima Elgon husafiri hadi Ulaya na kurudi kwako ikiwa imeongezewa bei na imepoteza miezi.

Watetezi wa mashine wana hoja moja ambayo haipaswi kudharauliwa. Asubuhi ya mfanyakazi ni fupi, watoto wanangojwa na gari la shule, na nani ana muda wa kusaga na kusubiri? Lakini hesabu dakika zenyewe. Maji yanachukua dakika tatu au nne kuchemka, na dakika mbili za kusaga zinapita ndani ya hizo. Dakika nne za birika ni za kungoja tu, mtu anaweza kuvaa au kufunga mkoba. Kazi halisi ya mikono ni kama dakika tatu, pamoja na kusuuza. Mashine ya espreso yenyewe inahitaji kupashwa moto na kusafishwa kila siku, na mara nyingi hudai dakika zaidi. Ikiwa hata dakika tatu hazipatikani, kuna jibu la uaminifu kuliko kapsuli: kahawa ya unga wa kuyeyuka, kama Africafe ya Tanzania. Haitakuwa na harufu ya kahawa ya kusagwa, lakini ni ya bei nafuu, imetengenezwa na kahawa ya hapa, na haihitaji chombo chochote.

Jambo moja huamua umri wa mashine kuliko jina lake, nalo ni maji. Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi, na ya sehemu nyingi za bara yana madini yanayoacha magamba meupe ndani ya birika. Kwenye frenchi presi unayaosha kwa ndimu. Ndani ya mabomba membamba ya mashine huziba, hupunguza joto, na hatimaye huua pampu. Anayenunua mashine anunue pia utaratibu wa kuisafisha magamba kila baada ya miezi michache, na aulize dukani kabla ya kulipa kama mpira wa kuzuia maji, kichujio na jagi la akiba vinapatikana. Moka na presi hudai mpira au wavu mpya tu, vitu vidogo. Mashine iliyokosa mpira wa shilingi chache hukaa kabatini.

Kwa hiyo mpangilio wa matumizi unajitokeza wenyewe. Kwanza kahawa yenye tarehe ya kukaangwa, kwa kiasi kidogo. Pili grainda ya meno ya mkono, au kinu. Tatu mizani ndogo. Nne chombo, kwa kufuata ladha: presi kwa anayetaka kahawa nzito isiyo na haraka, faneli na karatasi kwa anayetaka safi au anayelinda kolesteroli, moka kwa mpenzi wa maziwa, dele kwa baraza na wageni wengi, mashine ya kudondosha kwa lita nzima ya kila asubuhi, na espreso kwa aliyekubali kujifunza. Kuna mengi zaidi ya kikombe ndani ya mpangilio huu. Nyumba nyingi za Kilimanjaro, Nyeri na Kagera zimelima kahawa kwa vizazi huku sehemu kubwa ya zao bora ikionjwa ng'ambo. Pesa inayotolewa kwa mashine na kapsuli inakwenda nje. Pesa inayotolewa kwa punje, wiki baada ya wiki, inamfikia mkaangaji wa mjini, na inamjengea mkulima soko lisilotegemea wanunuzi wa nje pekee. Nyumba inayosaga kahawa yake hujifunza kutambua buni nzuri na mbaya, huanza kudai iliyo bora, na dai hilo la wanywaji wa nyumbani ndilo ambalo kahawa yetu imelikosa kwa muda mrefu.